WhatsApp kama baraza la siasa la marafiki: mapitio ya fundi wa sare, Nakuru

Mimi ni fundi wa sare za shule. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Wakulima hapa Nakuru: cherehani mbili za kukanyaga na moja ya umeme ambayo hulia kama mbuzi stima ikipungua. Kwa hivyo asiyetaka mapitio ya mtu asiyejua kompyuta aishie hapa. Ninachopima ni kitu kimoja tu: WhatsApp kama mahali pa kuwaambia marafiki zako unachofikiria kuhusu siasa, na kesho yake bado wakuletee kitambaa.

Niliingia mwaka wa 2016. Mteja alishindwa kunieleza kwa maneno rangi ya tai aliyotaka, ikabidi anitumie picha. Siasa ilinifuata humo mwaka uliofuata.

Kabla ya hapo nilikuwa nazungumza siasa kwenye ule mtandao wa buluu. Sitautaja, kwa sababu ugomvi wangu haukuwa na mtandao bali na watu niliowakubali mwenyewe wawe marafiki. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, niliandika maneno manne: "Leo majaji wamefanya kazi." Saa moja haikuisha kabla ya majibu kupita thelathini. Hakuna aliyeuliza ni kazi gani. Nusu walinipongeza kama mtu wao, nusu wakaniambia tulijua tu utasema hivyo. Walijuaje? Jina langu la mwisho ni la mume wangu, linaanza na O kama majina mengi ya Wajaluo, kabila la Raila Odinga aliyeshinda kesi ile, na kila Mkenya hudhani anajua habari yote ya mtu akiona O. Mimi nilizaliwa Njoro, nikalelewa kwa Kikuyu, na mwezi uliotangulia nilikuwa nimempigia kura mtu ambaye wale walionipongeza wasingependa kumsikia. Niliona uchaguzi haukuendeshwa sawa, na majaji wamesema hivyo. Basi. Lakini kule, jina lako lote linakaa juu ya kila neno lako, kwa herufi nzito, na katika mji kama wetu watu wakishalisoma jina hawaendelei na yaliyo chini yake.

Hapo ndipo WhatsApp inapowashinda wenzake wote, na sijaona mtu akiisifu kwa hili. Jina ambalo rafiki analiona ni lile alilolihifadhi mwenyewe. Kwenye simu ya mwalimu mkuu mmoja mimi ni "Fundi Sare". Kwa jirani mimi ni "Mama Pili Geti". Kwa wateja wawili au watatu mimi ni "Fundi Kesho", hilo nimeliona kwa macho yangu mtu akinipigia mbele yangu kuhakikisha nambari. Nikisema jambo kuhusu ushuru, anayelisoma ni mtu anayesoma maneno ya fundi anayechelewesha kaptula. Anaweza kunipinga, lakini atanipinga kama fundi. Kwa hilo peke yake natoa nyota nne. Ya tano naizuia, na nitaeleza.

Lakini kwanza, mishale miwili.

Msomaji wa mbali labda haelewi kwa nini mtu wa Nakuru akipokea ujumbe wa siasa uliosambazwa mkono wake hutetemeka kidogo. Mwisho wa Januari 2008 tulikuwa tunakaa Kaptembwo. Moto wa vurugu za baada ya uchaguzi ulipoufikia mji wetu, mume wangu alilala Afraha, kiwanjani, na mimi na mtoto wa miaka miwili tukalala Show Ground, kila mmoja akienda pale ambapo jina lake la kuzaliwa lingempa usingizi. Usiku nne. Simu yangu ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Kabla hatujatoka nyumbani ujumbe mfupi uliingia: mtaa fulani utavamiwa saa nane usiku, tuma kwa watu kumi. Nilituma kwa saba, salio likaisha. Ingekuwa na salio ningetuma kumi.

Hakuna aliyevamia mtaa ule usiku ule. Lakini mmoja wa wale saba, rafiki yangu wa kanisani, aliwabeba watoto akaondoka kwa miguu gizani, na aliporudi nyumba ilikuwa kuta tupu. Hajawahi kunilaumu. Anasema alipokea ujumbe kama huo kutoka kwa watu wanne, hakumbuki ni akina nani. Mimi nakumbuka mmoja wao.

Siku zile serikali ilifikiria kuzima ujumbe mfupi nchi nzima, na Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akapendekeza badala yake wateja watumiwe ujumbe wa amani. Wangu niliupata. Nilishukuru, ila ulikuja kwenye kioo kilekile kilicholeta ule mwingine, kwa herufi zilezile, na hakuna alama yoyote ya kukuambia huu umetoka kwa mtu anayejua na ule umetoka kwa mtu aliyeogopa.

Sasa alama ipo. Tangu 2018 ujumbe uliosambazwa huandikwa hivyo juu yake, na siku hizi ukishapita mikono mitano au zaidi unapata mishale miwili. Mwaka wa 2019 wakatuwekea kikomo cha kusambaza kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ule wa mishale miwili ukabanwa uende kwa mmoja tu kwa mara moja. Mtu mwenye nia mbaya atanakili na kubandika, najua. Lakini mwenye nia mbaya si mimi wa 2008. Mimi wa 2008 nilikuwa mama mwenye hofu na kidole chepesi, na kidole chepesi kinachoka ukikilazimisha kurudia kazi mara saba. Nyota tano. Ningetoa sita.

Tuje kwenye makundi.

Niko kwenye kundi la "Darasa la 1994", watu sitini na mmoja tuliofanya mtihani wa darasa la nane pamoja Njoro. Wamesambaa: Nakuru, Eldoret, Kisumu, wawili Qatar, mmoja haijulikani yuko wapi lakini huweka emoji. Sheria ya kwanza ya kundi ni "Siasa nje". Admini huibandika juu kila mwaka wa uchaguzi pamoja na onyo kwamba sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inaweza kukupiga faini ya hadi shilingi milioni moja au miaka mitatu jela kwa maneno ya chuki, na kwamba yeye admini ana watoto. Watu hutii. Siasa basi huingia imevaa kanzu: mstari wa Biblia kuhusu Farao, stika ya punda, "tuiombee nchi yetu" inayotumwa dakika tatu baada ya hotuba fulani. Kila mtu anajua punda ni nani. Kama mahali pa kutoa maoni ya siasa, kundi lenye sheria kama hii ni nyota mbili. Kama mahali pa kukaa na watu mtakaozikana, acha sheria ibaki.

Mwaka wa 2022 kumi na wanne kati yetu tulishindwa kuvumilia tukafungua chumba cha pembeni, "Siasa Tu". Sijawahi kufurahi kwenye simu kama wiki ile ya Agosti. Mtakumbuka fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kutoka vituo zaidi ya elfu arobaini na sita, na kila Mkenya akawa karani. Tuligawana kaunti. Mimi nilihesabu nikiwa nimeweka simu juu ya meza ya cherehani, kalkuleta upande mmoja, tepu ya kupimia shingoni. Sisi kumi na wanne, wenye vyeti vya darasa la nane na kuendelea, tulipata majibu matano tofauti. Runinga nazo zilikuwa zinapishana, kwa hivyo hatukuona aibu sana. Tulitaniana usiku kucha. Aliyekosea kujumlisha Kakamega mpaka leo anaitwa Bwana Kakamega.

Kisha tarehe 15 matokeo yakatangazwa Bomas, Nairobi, kwamba Ruto amemshinda Raila, makamishna wanne kati ya saba wakajitenga nayo, na chumba kikanyamaza. Siku tatu. Watu wawili walitoka, na hatukujua mpaka admini alipotuambia, kwa maana mwezi huohuo WhatsApp ilianza kuruhusu mtu kuondoka kundini bila tangazo, admini peke yake ndiye anayejulishwa. Watu wanaisifu sana hiyo. Mimi naona ni kama mtu kutoka arusini kwa mlango wa jikoni: hujamuudhi mtu, lakini sahani yako inakaa mezani na hakuna anayejua kama uliumwa au ulikasirika. Zamani ule mstari wa "ameondoka" ulikuwa na faida yake. Mtu angepiga simu kuuliza.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Jina ulilohifadhiwa hufanya kazi kwa waliokuhifadhi. Asiyekuhifadhi huona nambari na kando yake lile jina ulilojiandikia mwenyewe, lenye kialama cha wimbi mbele. Langu lilikuwa majina matatu kamili, kama kwenye kitambulisho, kwa sababu siku nilipofungua nilidhani ni lazima. Septemba ile, Mahakama ya Juu ilipothibitisha matokeo, aliingizwa kwenye "Siasa Tu" mmoja wa wale wa Qatar. Hakuwa ameniweka kwenye simu. Niliandika kwamba mahakama ile tuliyoipongeza 2017 tuipokee na leo. Akajibu, "Wewe ulitarajia nini, watu wenu hawakubalingi." Watu wenu! Nilikuwa nakubali, yeye akasoma O akajibu O.

Kosa lilikuwa langu la kujiandika vile. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti. Sasa, Kiswahili changu kina Njoro ndani yake. Siwezi kuificha, r na l zangu zinabadilishana viti hata nikisoma Biblia kanisani. Kikaja kimya kirefu. Kisha akaandika: "Pole. Ni nani huyu?" Nikamwambia ni yule aliyekuwa akimruhusu kunakili hesabu. Akacheka mpaka akatuma sauti ya kucheka. Siku hiyohiyo nilibadilisha jina langu pale likawa "Fundi". Ukichukua ushauri mmoja tu kutoka kwa mapitio haya, ingia kwenye mipangilio uone umejiandika nani.

Na kwa kuwa nimetaja sauti: hapa ndipo penye utamu wa chombo hiki kwa siasa, na nashangaa watu wazima kwa vijana wanavyodharau. Maandishi ya siasa husomwa kwa sauti ya adui yako. "Kubali yaishe" kwenye maandishi ni tusi. Kuna mwenzetu Eldoret, tunamwita Mrefu, shabiki wa UDA, chama cha Ruto, tangu kabla hakijawa serikali. Kwa maandishi ni mtu wa kutisha. Kwa sauti utamsikia anapuliza chai, anamkemea mbwa, anasahau alichokuwa anasema, halafu ndipo anasema "kubali yaishe bwana" huku anacheka. Jumbe zake ni za dakika sita. Mimi humsikiliza kwa kasi ya moja na nusu nikipiga pindo. Na lafudhi yangu ikipingana na jina langu, msikilizaji huchanganyikiwa kidogo, na mtu aliyechanganyikiwa huwa anasikiliza mpaka mwisho. Nyota tano kwa sauti, ukitoa bando.

Stetasi ndiyo iliyonigharimu, kwa hivyo nitakaa hapo.

Kwa wasiojua, stetasi hukaa saa ishirini na nne na huonwa na watu ambao mmehifadhiana. Haiingii mtu kwenye simu yake kwa nguvu, anayetaka anafungua. Nilidhani huo ndio ustaarabu wenyewe, kama kuandika kwenye ubao nje ya kibanda chako. Kisha chini kuna kijicho, ukikibonyeza unaona orodha ya waliotazama na saa. Hicho kijicho kimebadilisha usingizi wangu.

Juni 2024, wakati wa Muswada wa Fedha, walipokuwa wamependekeza mkate utozwe ushuru wa thamani wa asilimia kumi na sita, nilipiga picha mkate wangu wa chai ya saa nne nikaandika: "Huu nao ni anasa?" Watu mia moja na kumi na wawili walitazama. Wengi waliniwekea moyo. Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi, mteja wangu mkubwa, alitazama saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Hakusema kitu. Agizo lake la muhula wa tatu, kaptula sitini, halikuja.

Unaona sasa kazi ya kijicho? Pengine shule ilikuwa haina pesa. Pengine alipata fundi wa bei nafuu. Bila orodha ile ningefikiri hivyo na kulala. Kwa kuwa nilimwona ameona, nilikaa na wazo moja tu. (Wajanja huzima tiki za buluu, hivyo hutazama za watu bila kuonekana, nao pia hawaoni nani ametazama zao. Nilijaribu wiki moja nikarudi. Fundi hawezi kuishi bila kujua kama mteja ameisoma bei.)

Nikaingia kwenye mipangilio ya faragha nikakuta pale pa kuchagua anwani zote "isipokuwa" fulani na fulani. Niliweka watu kumi na saba. Walimu wakuu watatu. Karani wa chifu. Mchungaji. Mama mkwe, kwa sababu zake. Shemeji wawili. Nikahisi kama nimefunga dirisha la upande wa upepo. Kuanzia hapo nilisema kila kitu: ushuru, hospitali, barabara ya kwetu. Tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya kupinga muswada ule, niliweka mistari saba mfululizo, kisha jioni intaneti ikaanza kuburuta nchi nzima, picha hazifunguki, na mwanangu, yule wa Show Ground, sasa kijana wa miaka kumi na minane, alikuwa mjini na wenzake na moshi unaonekana kutoka sokoni. Nilimpata kwa simu ya kawaida, mara ya tisa. Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Mwanangu aliniambia, "Mathe, stetasi ni ya watu wa rika lenu, sisi tumejipanga kwingine." Kwingine ni TikTok na zile baraza za sauti za X, ambako alikuwa akisikiliza hadi usiku wa manane watu wakifafanua kifungu baada ya kifungu. Nilisikiliza naye mara mbili. Vizuri sana, lakini wale ni wageni kwa wageni, na mimi napima marafiki.

Turudi kwa "isipokuwa". Dosari yake ya kwanza ni kwamba kila nambari mpya unayohifadhi inaingia miongoni mwa wanaoona mpaka uikumbuke mwenyewe. Ya pili niliifanya mimi. Yule mwalimu mkuu ana laini mbili: moja ya kuniagizia, nyingine ya kunilipia M-Pesa. Nilificha moja. Mwezi wa Novemba nikaweka maneno makali kidogo kuhusu makato ya mishahara, na kutoka laini ya pili kikaja kidole gumba. Hakuna neno. Kidole tu, juu. Wiki iliyofuata akaagiza kaptula za Januari. Arobaini, si sitini. Mpaka leo nikikata kitambaa chake huwa najiuliza kama zile ishirini zilipotelea kwenye mkate, au kwenye karo, au zilikuwa za fundi mwingine tangu mwanzo.

Dosari ya tatu ni ya raha. Ukishawaficha kumi na saba, wanaobaki wanakujibu "kweli kabisa", "umesema", moyo, moyo, ngumi. Miezi michache nilijiona msemaji mkubwa. Kisha nikagundua sijapingwa tangu Juni ila na mtu mmoja, na kwamba hoja zangu zimekuwa kama nguo isiyojaribiwa mwilini: ukiitazama kwenye hanga imekaa sawa. Mrefu hakuwa kwenye orodha ya waliofichwa, namshukuru Mungu, na ndiye peke yake aliyekuwa akijibu stetasi zangu kwa dakika sita za "lakini". Nyota mbili kwa stetasi. Kijicho kimekula tatu.

Sitaongea sana kuhusu chaneli, ambazo zilikuja 2023. Pale unamsikiliza mwanasiasa, yeye hakusikii, ni redio yenye picha. Kuhariri ujumbe ndani ya dakika kumi na tano kunafaa kwa makosa ya tahajia, na kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee kunafaa usiku wa matokeo, ingawa maandishi ya "ujumbe huu umefutwa" humwasha kila mtu kuliko ujumbe wenyewe. Skrinishoti ya ujumbe wa kawaida hakuna aliyeizuia. Chochote unachomwambia rafiki, andika kana kwamba rafiki wa rafiki anakisoma kando yake kwenye matatu ya Njoro.

Mwaka wa 2025, tarehe 15 Oktoba, habari zilitufikia asubuhi kwamba Raila Odinga amefariki India. Mume wangu alizima mashine yake ya kuchomelea akaja kibandani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, hakusema kitu mpaka saa sita. "Siasa Tu" ilikuwa kimya pia. Nilijua nini kilichozuia: nusu yao hawakujua waandike nini kisisomwe kama kejeli, baada ya miaka yote ile ya stika za punda. Ndipo Mrefu akatuma sauti, dakika moja na sekunde chache, fupi kuliko zote alizowahi kutuma. Hakukuwa na mbwa wala chai. Alisema amebishana na mtu huyu kupitia kwetu tangu akiwa kijana na leo hajui abishane na nani. Kisha akauliza: "Shemeji yuko hapo? Mpe simu." Mume wangu aliisikiliza mara mbili, kwa kasi ya kawaida.

Usiku wa kuamkia Jumamosi aliondoka kwenda Kisumu, Mamboleo, wao watano kwenye gari la rafiki kupitia Kericho. Mimi nilibaki na maagizo. Nilimpiga picha akiwa ameshika tawi mkononi, nusu ya uso kwenye taa ya gari, nikaiweka stetasi bila neno lolote. Sikumbuki niliamua saa ngapi, lakini niliondoa watu wote kumi na saba kwenye "isipokuwa" kabla ya kuibonyeza. Karani wa chifu alitazama. Mama mkwe alitazama, akapiga simu kuuliza kama amebeba sweta.

Mrefu alijibu picha ile kwa kuuliza wamefika wapi. Nilipotaka kumjibu nikaliona jina lake juu ya kioo, jinsi nilivyolihifadhi Agosti 2022 ili nisimchanganye na Mrefu mwingine wa kanisani: "Mrefu UDA". Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikijisifu jinsi WhatsApp inavyonificha jina. Nikaandika kwamba wamepita Ahero. Kisha nikabonyeza pale pa kuhariri, nikafuta herufi tatu, na kwa kuwa bado ningewachanganya hao wawili, nikaandika "Mrefu Mbwa".